Sanduku la Kutunzia Sauti ya Baba

Machi 3

Mvua imeanza leo, na daktari naye akaona leo ndiyo siku ya kusema. Zoloto la baba, kile kisanduku cha sauti kooni, litatolewa lote. Uvimbe umelizunguka, mionzi haitatosha. Tarehe tuliyopewa ni Mei 19. Atapona, atakula, atatembea, ila hatazungumza tena. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anatafuta kifuniko cha kalamu yake mezani.

Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na moja. Watu wanaokutana naye dukani hawaijui sura yake. Akiuliza bei ya sabuni ndipo wanageuka.

Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, hatukubaki na sauti yake hata neno moja. Simu yake ilikuwa imeingia maji. Safari hii sikubali. Jioni nimemkalisha baba sebuleni, nimeweka simu yangu mezani, nimemwambia asimulie chochote. Dakika kumi na tisa.

Machi 4

Nimempigia mdogo wangu huko kwake mjini. Nyumbani tunamwita Mtaalamu, kwa sababu anashughulikia kompyuta za kampuni ya bima na hakuna jambo asilokuwa na maoni nalo. Nilimwambia nitahamishia rekodi kwenye flashi za kazini kwangu. Akaruka juu.

"Dada! Flashi za kwenye fotokopi? Zile zina virusi vya mtaa mzima. Usimtie baba kwenye uchafu huo."

"Basi nimtie wapi?"

"Tunanunua sanduku la kuhifadhi la nyumbani. Linachomekwa kwenye ruta yenu ya intaneti, ndani lina diski mbili. Moja ikifa, nyingine ipo. Niachie mimi. Wewe rekodi tu."

Nimemwachia. Na ukweli usemwe, nimelala vizuri.

Machi 6

Mvua. Dakika ishirini na mbili. Leo kanisimulia bibi harusi aliyepanda treni isiyo yake. Baba akamwona kupitia dirisha la kibanda, shela lote limebanwa na mlango wa behewa, akashika kipaza sauti: "Bibi harusi, tafadhali shuka. Mume wako yuko jukwaa la pili." Stesheni nzima ikapiga makofi. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Machi 11

Mtaalamu ametuma jedwali. Masanduku sita, safu kumi na nne. Ipo hata safu ya kelele za feni. Nimemuuliza lipi zuri, akasema bado anachunguza.

Machi 15

Mvua. Dakika kumi na nne, habari za mkuu wa stesheni aliyekuwa anaogopa paka. Miaka ile miwili baba aliyoishi mbali na sisi tukiwa wadogo hajaigusa. Sijamuuliza. Atafika huko mwenyewe.

Machi 20

Sanduku namba mbili limeenguliwa, prosesa yake dhaifu. Namba tano limerudishwa. Mtaalamu ameyaeleza hayo kwa nusu saa. Nusu saa yote hiyo baba alikuwa pembeni yangu amenyoosha mkono apewe simu. Nilipompa, mwenzetu alikuwa "anaingia kwenye kikao".

Machi 26

Kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa fotokopi, mbele ya ofisi za ardhi. Miaka kumi na saba nawaambia watu neno lilelile: "Halisi yako hiyo, usiisahau kwenye mashine." Na bado wanaisahau. Ninalo boksi zima la vyeti vya watu.

Leo mchana mvua ilipopungua nilivuka barabara hadi duka la kompyuta. Mwenye duka, mtaa mzima unamwita Mama Waya, alipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Unataka kutunza nini?"

"Sauti ya baba yangu. Kama dakika ishirini kwa siku."

Akacheka, si kwa ubaya. "Hiyo sanduku lolote linaibeba, hata la bei ya chini. Wewe chukua lile utakaloweza kulifungua mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Halafu nakala nyingine iweke nyumba nyingine. Diski mbili ndani ya sanduku moja bado ni sanduku moja, mama. Na kila Jumamosi fungua, sikiliza rekodi mbili tatu. Usikae kuangalia taa."

Jioni nimemsimulia Mtaalamu. "Dada, huyo si anauza chaja?" Tumecheka wote wawili.

Aprili 2

Sauti ya baba imeanza kukwaruza, neno la mwisho la kila sentensi linakatika. Nimerudi kazini nikamkuta chumbani anamtumia Mtaalamu ujumbe wa sauti. Nimemgombeza. Nimemwambia sauti iliyobaki ni ya kurekodi, si ya kumbembeleza mtu asiyepokea simu.

"Mama," akasema. Baba huniita mama. "Na yeye ni mtoto."

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mimi ndiye ninayempikia, ninayempeleka kliniki, ninayebadilisha foronya zake, halafu anajifungia mlango aongee na yule. Niseme wazi: nimeona wivu.

Aprili 7

Mvua kutwa. Bati la jikoni linavuja sehemu mbili. Simu yangu, ambayo ni kuukuu, inasema imejaa. Nimefuta picha zangu zote za miaka mitatu ili baba apate nafasi.

Aprili 13

Nimempigia Mtaalamu nikiwa nimekunja uso, kana kwamba ananiona.

"Ungekuwa unachagua mke usingechukua muda huu!"

"Mke unaweza kubadilisha, dada. Data ikipotea imepotea."

Anajibu vizuri. Siku zote amekuwa na majibu.

Aprili 20

Amekuja! Kaja na sanduku. Jeusi, dogo kuliko boksi la viatu, lina taa mbili mbele. Ameliweka juu ya kabati la vyombo la mama.

Baba alivaa shati lake la kutokea tangu asubuhi. Alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akimtazama mwanawe amelala kifudifudi nyuma ya kabati anavuta nyaya. Saa mbili nzima. Mtaalamu alipoinuka kupangusa vumbi, baba akasema, "Kaeni kidogo wote wawili. Nina neno."

"Nakuja baba, namalizia tu."

Mimi nikaona nafasi ya kujaribu mtambo. Nikachukua simu, nikaibonyeza, nikamwekea karibu na mdomo. "Sema tu baba, inarekodi."

Baba aliitazama simu, kisha akasema chai imepoa. Wazee nao wana vituko vyao.

Mtaalamu akanionyesha. "Simu yako ikiingia hapa nyumbani tu, rekodi zinakwenda zenyewe. Diski ya kwanza, diski ya pili. Taa mbili za kijani, ujue baba yuko salama. Nyekundu, nipigie."

"Na simu ikijaa? Nikifuta?"

"Futa tu, dada. Sanduku limeshabeba."

Alikunywa chai amesimama, akaondoka ili mvua isimkute njiani. Nimemkumbatia mlangoni. Nimejuta maneno yote niliyomwambia mwezi mzima. Kumbe alikuwa anahangaika kwa namna yake.

Aprili 22

Taa mbili za kijani. Nimefuta rekodi zote kwenye simu, arobaini na moja. Simu imepumua na mimi pia.

Aprili 25

Dakika tisa. Kijani.

Aprili 29

Dakika saba. Kijani. Nimefuta.

Mei 3

Umeme umekatika mara nne. Ukirudi, kitu cha kwanza ninachokimbilia si friji, ni kabati la mama. Kijani.

Mei 9

Dakika nne, zote za kunong'ona. Mtaalamu aliahidi kuja leo, ameahirisha. Eti barabara imekatwa na maji. Nimewauliza watu wa mabasi: yanapita.

Baba alikuwa amevaa lile shati. Amelivua, akalikunja vizuri.

Mei 17

Leo baba ameomba mwenyewe nimrekodi. Akasimama, akafunga vifungo, akaweka kiganja sikioni kama alivyokuwa akishika vile visikilizio vya kazini. Sijui sauti ile aliitoa wapi.

"Abiria wa treni ya saa kumi na mbili na robo jioni, treni yenu ipo jukwaa la kwanza. Tunawatakia safari njema. Mnaobaki, tafadhali rudini nyuma ya mstari."

Ilipasuka kwenye neno "mnaobaki", akalirudia mpaka likatoka. Dakika moja na nusu. Akakaa chini akakohoa sana. Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Taa za kijani. Nimefuta za wiki hii zote kwenye simu, ili keshokutwa hospitalini nafasi iwe tele.

Mei 19

Walimchukua mapema kuliko walivyosema. Niliwahi kuwasha simu kwenye korido. Nimepata dakika nane: mvua juu ya bati, magurudumu ya kitanda, muuguzi anamuuliza jina lake. Baba hakujibu. Alinyoosha mkono wenye utepe ulioandikwa jina.

Mei 20

Yu hai. Kila kitu kimekwenda sawa, wamesema. Mtaalamu ametuma ujumbe wa maandishi: "Tumshukuru Mungu." Sikujibu.

Mei 28

Naandika yote, sitaki kusahau hata kimoja.

Baba karudi nyumbani juzi. Ana tundu shingoni, ana daftari na kalamu. Mpaka jana alikuwa anaandika mambo ya lazima tu: maji, mto, dirisha. Leo baada ya chakula cha mchana akaandika: "Niwekee ya bibi harusi." Akatabasamu. Alitaka kujisikia.

Nilikuwa nimeazima kompyuta ya kazini kwa ajili hiyohiyo. Nikaunganisha kama Mtaalamu alivyonionyesha. Nikafungua folda yenye jina la baba.

Ndani kulikuwa na kitu kimoja. Ya Mei 19, dakika nane.

Nikafunga, nikafungua tena. Nikaingia folda nyingine zote. Moja imeandikwa "Sinema", imejaa, zaidi ya mia tatu. Nyingine tupu. Nikainua macho: taa mbili za kijani, zinawaka kama kawaida yake.

Baba alidhani mashine ndiyo inasumbua. Akaandika, "Taratibu." Nikamwambia mtandao leo hauna akili, akaitika kwa kichwa, akaendelea kusubiri na lile tabasamu lake. Nikatoka nje kupiga simu, chini ya bati, mvua inanirukia miguuni.

"Dada, ulifuta kwenye simu?" Mtaalamu aliuliza.

"Si uliniambia nifute!"

Nikasikia anabonyeza kitu. Halafu, polepole: "Nilidhani niliweka kunakili. Niliweka kuoanisha. Yaani simu na sanduku vifanane muda wote. Ukifuta kwenye simu, sanduku nalo linafuta."

"Na diski ya pili?"

"Ya pili inaiga ya kwanza."

"Kompyuta yoyote ina kapu la taka. Kapu liko wapi?"

"Nililizima. Lilikuwa linakula nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Sikuhitaji anijibu, nilikuwa nimeshaiona folda. Alikuwa anazituma sinema zake kutoka huko mjini kwake, kwa sababu kwake kumejaa.

Mwezi na nusu wa kuchagua! Safu kumi na nne! Safu ya kelele za feni! Na hakuna safu hata moja iliyouliza dada yake atafanya nini simu ikijaa.

Nimemtukana. Siandiki hapa nilichosema. Lakini nilipokata simu hasira ilinigeukia mwenyewe, maana niliyebonyeza ni mimi. Mimi nimezoea karatasi. Ukitoa nakala, ukaichana halisi, nakala haina habari. Inabaki pale mezani. Miaka kumi na saba hakuna nakala iliyonifia mkononi kwa sababu halisi imechanwa. Nilifuta bila wasiwasi, tena kwa furaha, kama anayefagia chumba. Na Mama Waya aliniambia nifungue, nisikilize, nisikae kuangalia taa. Nilimcheka.

Nimerudi ndani nikamwambia baba. Sikumwambia vizuri, maneno yalitoka ovyo. Akachukua daftari. Akaandika, "Zote?"

Nikasema zote.

Akaandika kitu kingine, akakikata kwa mistari mingi, sikuweza kukisoma.

Mei 30

Mtaalamu amekuja kwa basi la alfajiri. Barabara leo haikukatwa na kitu. Tumempelekea Mama Waya sanduku. Amelishughulikia kutwa nzima, akatuita jioni.

"Kilichofutwa huwa kinaokoleka, kama juu yake hapajaandikwa kitu kingine," alisema. "Hapa pameandikwa sinema."

Hakusema "niliwaambia". Bora angesema.

Juni 1

Jana na leo Mtaalamu hajala vizuri. Sikumbembeleza. Leo mchana tulikaa sebuleni watatu, bila mtu kumtazama mwenzake, akatoa simu yake akaiweka mezani, palepale nilipokuwa naweka yangu.

"Dada, mimi ninazo," alisema. "Sauti za baba. Alikuwa ananitumia."

Jumbe ishirini na tatu, tangu Machi. Zote zina ile alama ya kwamba hazijafunguliwa. Hata moja hakuwahi kuisikiliza.

"Nilikuwa nasubiri nipate nafasi," alisema.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumbusu. Akabonyeza ya kwanza. "Baba, hujambo. Mimi baba yako." Ile sauti! Imejaa chumba kizima. "Nilikuwa nataka kukusikia tu. Usijali." Ya pili hivyohivyo. Ya tatu inauliza lini atakuja. Nilisikiliza nimefumba macho. Nyingi hazifiki nusu dakika, na zote zinaanza na "baba", kwa sababu ndivyo anavyomwita mwanawe. Hakuna inayoanza na "mama".

Tukafika ya Aprili 2. Baba alinyoosha mkono kama anayetaka kuizuia, lakini ilikuwa imeshaanza.

"Baba, hujambo. Dada yako yuko kazini. Ananirekodi kila siku, na usimwambie, ila mambo ya stesheni yaliniishia wiki ya kwanza. Sasa natunga. Ile ya bibi harusi nimeitunga. Anacheka, basi natunga nyingine. Lakini yapo ya kweli. Kwa nini nilikaa miaka miwili nje ya nyumba hii mkiwa wadogo, na mama yenu aliniambia nini siku niliyorudi. Hayo siwezi kuyasema mbele ya mashine. Nataka niwaambie mkiwa wawili, mmekaa. Njoo hata siku moja. Njoo kabla ya tarehe."

Halafu mlango ukasikika, na sauti yangu mimi kwa mbali, kali, inauliza anaongea na nani.

Mtaalamu alifunika uso. Mimi mawazo yangu yalikuwa yamerudi Aprili 20. Nilikuwa nakiona kile kiti, lile shati, mikono magotini. Kaeni kidogo wote wawili. Yeye alikuwa nyuma ya kabati, mimi nikamsogezea simu mdomoni. Miezi mitatu namlaumu mdogo wangu kwa kutomsikiliza baba. Mimi nilikaa naye kila siku, na siku aliyofungua kinywa kwa jambo lake nilimpa mashine aongee nayo.

Juni 2

Mtaalamu ameondoka. Jumbe ishirini na tatu ziko kwenye sanduku, kwenye flashi ya kazini yenye virusi vya mtaa mzima, na kwa Mama Waya. Nimezifungua zote sehemu zote tatu. Jumla ni dakika kumi na moja.

Juni 5

Mvua imekwisha tangu juzi. Kuta zinanuka unyevu.

Jana nilikaa mbele ya baba, simu nimeiacha chumbani. Nikamwambia, "Baba, yale ya kweli yaandike basi. Daftari lipo, siku zipo, mimi nimekaa."

Alishika kalamu muda mrefu. Aliandika neno, akaliangalia, akalikata. Akaandika jingine, akalikata. Mwisho akaandika kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtoto: "Yale yalikuwa ya kusema." Akafunga daftari. Akalifungua tena, akaongeza chini yake: "Lakini bibi harusi ulimcheka sana."

Nimeomba ukurasa huo, akanichania. Leo asubuhi kazini, kabla wateja hawajawa wengi, nimeutoa fotokopi tatu. Nikazikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha kama zinasomeka, nikazipanga kwenye bahasha, nikaandika juu tarehe. Nilikuwa nimeshafika kwenye meza yangu mzee mmoja mwenye hati za kiwanja aliponiita.

"Dada," alisema, ameinua kifuniko cha mashine. "Halisi yako hii, umeisahau."